Dakika kumi zinazogawa ukumbi

Kazi yangu ni kuhariri sauti za filamu, na nyingi ya hizo ni fupi: dakika 6, 10, wakati mwingine 20. Zinazozua ugomvi kupita zote ni za kutisha zilizotengenezwa kimajaribio, zile zisizo na hadithi ya kushika, zinazokuachia picha kichwani usijue uipeleke wapi. Taa zikiwashwa, mmoja anasema hajaona kitu kizuri kama hiki kwa muda mrefu. Aliyekaa kiti cha pili anauliza ni nani aliyetoa fedha za upuuzi ule. Wote wawili wameona fremu zilezile na kusikia mlio uleule.

Maelezo yanayotolewa harakaharaka ni kwamba kundi moja lina moyo mgumu na jingine ni la waoga. Siyakubali. Nimeona mashabiki sugu wa filamu za kutisha, watu wanaocheka damu ikitapakaa kwenye skrini, wakinyanyuka na kutoka katikati ya filamu isiyo na hata tone moja la damu. Nimeona pia watu wanaoogopa giza la kawaida tu wakibaki mpaka mwisho na kuomba irudiwe. Kinachowagawa ni matarajio: kila mmoja ameingia akidhani filamu inamdai kitu fulani, na yeye ana kitu anachoidai.

Filamu ndefu hupata muda wa kufundisha sheria zake. Katika dakika 20 za mwanzo unaelewa kwamba kiumbe hutoka usiku tu, kwamba mlango ule haufunguliwi, kwamba mtoto ndiye anayeona wasichoona wakubwa. Ukishazijua sheria, hofu yako inapata mipaka. Filamu fupi haina nafasi hiyo, inaanza ikiwa tayari imo ndani ya jambo. Ikiwa ni ya majaribio ndiyo kabisa, kwa sababu imeamua tangu mwanzo kutotoa sheria yoyote. Basi mtazamaji hutumia sheria alizokuja nazo. Aliyekuja kutafuta hadithi anajiona ametapeliwa. Aliyekuja kama mtu anayekwenda kusikiliza muziki usio na maneno, huyo haoni kilichopungua. Ukitegewa kitendawili na kushindwa, unatoa mji na unapewa jibu. Filamu hizi zinapokea mji, kisha zinaondoka na jibu lao.

Mgawanyiko huu si mpya. Mwaka 1929 Wahispania wawili, muongozaji Luis Buñuel na mchoraji Salvador Dalí, walionyesha Paris filamu isiyofika nusu saa, Un chien andalou. Walipokuwa wakiiandika walikubaliana kwamba picha yoyote inayoweza kupewa maelezo ya kiakili itupwe. Mapema kabisa tunaona wembe ukipasua jicho. (Lilikuwa jicho la ndama aliyekufa, ila mwili wako hautulii hata ukiambiwa hivyo kabla.) Buñuel alisimulia baadaye kwamba siku ya onyesho la kwanza alikaa nyuma ya skrini akibadilisha santuri kwenye gramafoni, mara muziki wa dansi ya tango, mara muziki wa mtunzi Wagner, huku mifuko yake ina mawe ya kuwatupia watazamaji endapo wangeanza vurugu. Hawakuanza. Walipiga makofi, na filamu ikaonyeshwa kwa miezi. Hilo ndilo lililomuudhi: aliandika akiwasema waliokiita kizuri au cha kishairi kitu ambacho kwake kilikuwa mwito wa kuua. Kisha mwishoni mwa mwaka 1930 kazi yake iliyofuata, L'Âge d'or, ikaonyeshwa katika jiji hilohilo. Safari hii watu wa mrengo wa kulia walirusha wino kwenye skrini na kuvunja samani, na polisi wakaipiga marufuku.

Tofauti sidhani ilikuwa ukali wa picha. Wembe na jicho ni vikali kuliko karibu chochote kilichomo katika filamu ya pili. Onyesho la kwanza lilijaa wasanii na watu wa tabaka la juu ambao walikuwa wameingia wakijua watachokozwa, na waliona uchokozi kuwa sehemu ya burudani. Walioleta wino hawakuwa na makubaliano hayo na mtu yeyote.

Sasa nije kwenye eneo langu, kwa sababu naamini nusu ya ugomvi huanzia masikioni, na mara nyingi wanaogombana hawajui. Picha ikizidi, unafumba macho. Masikio hayana kope. Hata ukiyaziba kwa viganja, mngurumo wa chini unapita kwenye kiti na kifua. Ndiyo maana mtu anayekuambia "picha zile zimenichefua" ukimdadisi taratibu anaanza kueleza kelele.

Mbinu zenyewe si za siri. Ya kwanza ni sauti isiyo na mwenyewe: unasikia mtu anapumua, lakini hakuna anayepumua kwenye picha. Mfaransa Michel Chion ameandika sana kuhusu sauti za namna hii na nguvu zinazopata kwa kukosa mwili. Katika filamu ya kawaida mwenye pumzi huonekana mwishoni na wewe unashusha pumzi yako. Katika filamu ya majaribio haonekani kamwe. Ya pili ni sauti chafu, yenye mikwaruzo, inayoruka ghafla au kupasuka kama koo lililozidiwa. Daniel Blumstein, mtaalamu wa tabia za wanyama, alikuwa akichunguza mamoti, wanyama wadogo wa milimani, akavutiwa na mayowe ya watoto wao wanaposhikwa. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba filamu za kutisha zimejaa sauti za aina hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia sauti ile "haikuwa ya haki," ana hoja. Imemgonga pale ambapo elimu na ladha hazijafika.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda mimi, na ndiyo inayolalamikiwa zaidi: kuondoa kila kitu. Hata chumba kilichotulia kina sauti yake, na sisi huirekodi na kuiweka chini ya mazungumzo ili sikio lisishtuke. Ukiikata ghafla ukaacha ukimya mtupu, ukumbi unaanza kujisikia wenyewe. Viti vinalia, mtu anameza mate, mwingine anacheka kwa aibu. Mtengenezaji filamu Stan Brakhage alifanya filamu nzima hivyo mwaka 1971, dakika kama 32 za upasuaji wa maiti katika mochwari ya Pittsburgh, Marekani, bila sauti yoyote. Haikukusudiwa kuwa ya kutisha. Lakini hakuna msimulizi wa kukuambia usimame wapi, hakuna muziki wa kukupa ruhusa ya kuhuzunika, na hapo wapo wanaoona heshima kubwa kwa mwili wa binadamu na wapo wanaoona udhalilishaji mtupu.

Kuna tofauti nyingine ambayo wabishi huipita: hofu na kinyaa si kitu kimoja. Hofu ina mwelekeo, inataka kujua kitu kiko wapi ili ukimbie, na kwa sababu hiyo inakufanya uendelee kutazama. Kinyaa kinataka tu kitu kiondolewe. Hofu ikiisha huacha nafuu tamu. Kinyaa kikiisha huacha hisia ya kuchafuka. Filamu nyingi za majaribio huanza na hofu kisha hugeukia kinyaa bila taarifa, na wale ambao raha yao yote hutoka kwenye ile nafuu hawaipati. Hata hofu yenyewe ina kipimo. Watafiti wa Denmark waliwafunga watu 110 vipima mapigo ya moyo na kuwapitisha katika nyumba ya vitisho ya burudani, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2020 raha ilipanda pamoja na hofu mpaka mahali fulani, kisha ikaanza kushuka. Muongozaji hawezi kujua kilele cha kila aliyekaa ukumbini.

Jambo linalonishangaza zaidi ni jinsi malalamiko yanavyogeuka haraka kuwa ya maadili. Mtu hasemi "sikuelewa." Anasema aliyeitengeneza ni mgonjwa, kwamba kitu kama hiki hakifai kuwepo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walifanya jaribio la ajabu kidogo. Waliwapa watu parasetamo au kidonge kisicho na dawa, kisha wakawaonyesha ama kipande cha Rabbits, kazi ya muongozaji David Lynch, ambamo watu wenye vichwa vya sungura wanatoa maneno yasiyojibizana, ama kipande cha katuni ya The Simpsons. Halafu wakawauliza waliofanya fujo baada ya mechi ya hoki waadhibiwe kwa ukali gani. Waliotazama sungura wakiwa wamemeza kidonge kitupu walitaka adhabu kali zaidi. Waliomeza parasetamo hawakuwa na ukali huo. Tafsiri ya watafiti ni kwamba akili ikinyimwa maana hupata kitu kinachofanana na maumivu, na hujishikilia kwa nguvu kwenye yale inayoyaamini tayari. Ni jaribio moja na silibebeshi mzigo wote, lakini nikiwasikiliza watu wanavyotoka ukumbini nalikumbuka mara nyingi.

Waliofurahia nao wana mchezo wao. Kabla kiti hakijapoa wameshapata ufunguo: ni kuhusu msiba, ni kuhusu utoto ulioumizwa, yule mwanamke asiye na uso ni mama. Nawaona kuwa karibu sana na wale wanaoichukia kuliko pande zote mbili zinavyopenda kukiri. Wote hawavumilii kitu kisicho na maana, ila mmoja anakitupa na mwingine anakitengenezea maana. Wanaoweza kusema "sijui ilikuwa nini, na bado inanisumbua" ni wachache, na kwa kawaida hawaongei sana.

Ndiyo maana siamini wastani wa alama kwa filamu hizi. Kazi ambayo kila mtu ameipa 5 kati ya 10 ni kazi ya wastani. Kazi ambayo nusu wameipa 1 na nusu wameipa 9 nayo inatoka na 5, na hizo mbili hazina undugu. Skinamarink ya Kyle Edward Ball, ya mwaka 2022, iliyotengenezwa Kanada kwa dola 15,000 hivi na kuzaliwa kutokana na filamu yake fupi, Heck, ni mfano mzuri. Ilipotoka kwenye matamasha na kuingia kumbi za kawaida, wapo walioiita filamu ya kutisha kupita zote walizowahi kuona na wapo walioapa kwamba wametazama pembe za dari kwa saa moja na nusu. Wote wako sahihi. Pembe za dari ni nyingi kweli.

Hayo yote hayamaanishi kwamba kila anayelalamika ana maumivu ya maana tu. Mwenye kuuliza kama mnyama aliumizwa wakati wa kupiga picha anauliza swali halali, na anayeogopa kwamba mtoto aliyecheza hakujua anacheza nini vilevile. Taa zinazowaka na kuzimika zaidi ya mara 3 kwa sekunde zinaweza kumwangusha mwenye kifafa, na hapo hakuna mjadala wa sanaa. Waongozaji wengine hukataa kuweka onyo wakidai linaua mshangao. Mimi nasema liwekwe. Onyo linaweza kutaja mwanga, kelele na aina ya ukatili bila kufichua picha hata moja, na anayebaki kwenye kiti baada ya kulisoma amebaki kwa hiari yake.

Tukionyesha rasimu kwa watu wachache kabla ya kuimaliza, simuulizi mtu kama ameipenda. Namuuliza alitamani kuondoka wapi, na wakati huo alikuwa anasubiri nini. Wengi wakitaja sehemu moja, mara nyingi kosa ni la kwetu: mlio umeshikiliwa mno, au mkato umechelewa mpaka mtu akaanza kuiona mashine badala ya kuogopa. Hapo napunguza. Wakitaja sehemu tofauti tofauti, kila mmoja na yake, naiacha kama ilivyo, hata muongozaji akianza kuingiwa na wasiwasi na kuniomba nilainishe kidogo pale mwishoni.