Volteji ya Adapta: Soma Maandishi ya Mgongoni Kabla ya Kuchomeka

Malalamiko yanayotufikia kuhusu ving'amuzi, ruta za intaneti na kompyuta mpakato zilizoungua yanafanana kwa kiasi cha kusikitisha. Adapta iliyokuja na kifaa ilipotea au iliharibika, nyingine ikanunuliwa dukani au kuazimwa kwa jirani, kichwa chake kikaingia vizuri kwenye tundu, na muda si mrefu kifaa kikazima kisiwake tena. Mlalamikaji huwa na hakika kwamba umeme wa mtaani ulipanda. Umeme wa mtaani hupanda na kushuka, hilo hatulikatai, lakini tunaomba kwanza kuiona adapta yenyewe, kwa sababu mara nyingi jibu limeandikwa mgongoni mwake.

Mstari unaoanza na neno INPUT unahusu umeme unaoingia. Adapta nyingi za kisasa huandikwa 100–240V, 50/60Hz, na kwa kuwa soketi zetu Tanzania hutoa volti 230 kwa hezi 50, hapo hakuna shida, isipokuwa kwa vifaa vilivyoletwa na ndugu kutoka Marekani au Japani vyenye maandishi ya 120V au 100V pekee. Hivyo visichomekwe hata kwa sekunde moja bila transfoma ya kushushia.

Mstari wa OUTPUT, yaani umeme unaotoka kwenda kwenye kifaa, ndio unaopuuzwa, nao ndio wenye uzito. Ruta nyingi hutumia volti 9 au 12, ving'amuzi vingi volti 12, na kompyuta mpakato nyingi volti 19, 19.5 au 20. Namba iliyo kwenye adapta ni lazima ilingane na namba iliyoandikwa kwenye kifaa, karibu na tundu lake au chini ya kasha. Tungependa jambo hili lieleweke mara moja kwa wote: kichwa kuingia kwenye tundu si ushahidi wa chochote. Kichwa cha duara chenye kipenyo cha nje cha milimita 5.5 hutumika kwenye adapta za volti 5, 9, 12 na hata 24, na aliyeunda kichwa hicho hakukusudia kukuhakikishia kwamba volti zinafaa. Aidha, tazama mchoro mdogo wa duara lenye alama za kujumlisha na kutoa, unaoonyesha kama pini ya kati ni chanya au hasi, kwani volti sahihi zilizogeuzwa pande huunguza vilevile.

Kuhusu ampea, yaani kiasi cha mkondo ambacho adapta inaweza kutoa, wananchi wengi huogopa wasichopaswa kuogopa. Kifaa huvuta kiasi kinachohitaji tu, kwa hiyo king'amuzi cha volti 12 na ampea 1.5, yaani wati 18, kinaweza kutumia adapta ya volti 12 na ampea 3 bila madhara yoyote. Hatari iko upande wa pili: adapta ya ampea 0.5 ikilazimishwa kubeba king'amuzi hicho hupata joto kupita kiasi, volti zake hushuka, na kifaa huanza kujizima na kujiwasha. Mwenye nyumba hulaumu mtandao au dishi, huku adapta ikiendelea kuiva ukutani.

Wenye multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, wanaweza kupima wenyewe. Weka kitufe kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kipimo cha 20 kwa adapta ya volti 12, kisha gusisha ncha nyekundu ndani ya kichwa na nyeusi nje, bila kuziruhusu kugusana. Adapta nyepesi za kisasa zinapaswa kuonyesha namba iliyo karibu sana na ile iliyoandikwa. Zile za zamani, nzito kwa sababu ya transfoma ya chuma, zinaweza kuandikwa 12 na kuonyesha 16 au 17 zikiwa hazina mzigo, yaani hazijaunganishwa na kifaa. Ndivyo zilivyoundwa, lakini hatushauri zitumike kwenye ruta za leo. Chaja za USB-C huanza na volti 5 na kupanda hadi 9, 15 au 20 pale tu simu au kompyuta inapoziomba, kwa hiyo chaja ya wati 65 iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango haiunguzi simu.

Hata hivyo, volti sahihi peke yake haithibitishi usalama. Ndani ya adapta, sehemu inayopokea volti 230 inapaswa kutenganishwa na sehemu unayoigusa kwa nafasi na vihami vya kutosha, yaani vitu visivyopitisha umeme, na hapo ndipo bandia nyingi hushindwa, kwani anayetaka kupunguza gharama hupunguza kile mnunuzi asichokiona. Ukihisi umeme unakupiga kwenye simu inayochajiwa, zima swichi ya ukutani na uache kuitumia chaja hiyo.

Anayetaka kulalamika awasilishe adapta, kifaa, kifungashio na risiti ya EFD. Suala la ubora hushughulikiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Alama za biashara zilizoghushiwa hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Wakaguzi wana mamlaka ya kuingia dukani, kuchukua sampuli na kuzuia bidhaa zisiuzwe wakati vipimo vikiendelea. Zikishindwa vipimo, zinaweza kuteketezwa kwa gharama za mwenye mali, naye anaweza kufikishwa mahakamani na kukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Kutojua kilichomo ndani ya katoni si utetezi ambao mfanyabiashara anapaswa kuutegemea. Tunasisitiza pia kwamba adapta isifunguliwe na fundi kabla ya kuletwa, kwa sababu iliyokwisha kufunguliwa haiwezi tena kuthibitisha ilikuwaje ilipotoka dukani.