Martha Hughes Cannon hakupambana na mumewe ana kwa ana

Inasimuliwa mara nyingi kwamba mwaka 1896 Martha Hughes Cannon, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa seneta wa jimbo nchini Marekani, alishindana na mumewe Angus kuwania kiti kimoja huko Utah na kumbwaga. Ni kweli kwamba majina yao yote mawili yalikuwa katika karatasi moja ya kura, yeye akiwa Mdemokrati na mumewe Mrepublikani. Hata hivyo, viti vilivyowaniwa katika wilaya ya Salt Lake vilikuwa vitano, wagombea wakiwa wengi, na Wademokrati walivitwaa vyote.

Kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi, ni kudhani kwamba aliyehudumu muhula mmoja tu hakufanya la maana au alikataliwa na wapiga kura. Cannon, aliyekuwa daktari aliyehitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1880, alisimamia sheria iliyounda bodi ya afya ya jimbo, na nyingine iliyowataka waajiri wawape wafanyakazi wa kike viti vya kupumzikia. Hakushindwa katika uchaguzi wowote baada ya hapo, hakugombea tena. Mwaka 1899 alijifungua mtoto wa tatu, na kwa kuwa alikuwa mmoja wa wake kadhaa wa Angus wakati ndoa za mitala zilikuwa zimepigwa marufuku, uzazi huo ulizua kashfa kubwa ya kisiasa.