Bunju mdogo na maji ya Kigoma

Wageni wakiliona tangi langu huuliza jambo lilelile: ziwa lipo hapo chini, maji tele, sasa mapipa ya maji ya mvua ya nini? Kulijua jibu kulinigharimu samaki wawili.

Ninayefuga humo ni bunju, samaki anayejifura akitishwa, ila huyu si bunju wa Ziwa Tanganyika. Ziwa letu lina wake, Tetraodon mbu, anayeonekana upande wa mdomo wa Mto Malagarasi, ila yule hupita nusu mita na sebuleni hana nafasi. Ninayemfuga ni Carinotetraodon travancoricus wa mito ya Kerala, kusini mwa India. Akikomaa ana sentimita 2 na nusu hivi, mgongo wa kijani wenye mabaka meusi, na chumvi hahitaji hata chembe, wauzaji waseme watakavyo.

Kazini nashughulika na sikilidi, samaki wa ziwani wa hapa Kigoma, na maji ya ziwa yenye pH (kipimo cha uasidi; 7 ni katikati, juu yake ni magadi) ya karibu 9 ndiyo yao. Kwa hiyo nilipoletewa bunju wawili kutoka Dar es Salaam, niliwachotea maji hayohayo, nikawaweka kwenye tangi jipya lenye filta mpya. Siku ya nne walikuwa wamelala chini, wanahema haraka. Hawakufika jioni.

Kilichowaua ni amonia, inayotolewa na samaki mwenyewe, hasa kupitia matamvua, na kutokana na mabaki ya chakula. Ndani ya maji amonia hukaa kwa sura mbili, na moja tu ndiyo sumu kali. Kwenye nyuzi 26, maji yakiwa na pH 7, sura hiyo kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Ziwani amonia hutawanyika. Tangi la lita 30 halina pa kuipeleka.

Sasa nachanganya ndoo nane za mvua na moja ya ziwa, ili madini yasikosekane, kisha napima hadi nipate pH kati ya 7 na 8. Mvua ya kwanza ya msimu naiacha ioshe bati kwanza. Na samaki haingii kabla bakteria wanaokula amonia hawajajaa kwenye filta: nahamisha sponji ya tangi la zamani, napima kila siku, nasubiri amonia na naitraiti, sumu nyingine ambayo bakteria huigeuza amonia kuwa, zote zisome sifuri. Tafadhali usiiruke hatua hii.

Chakula cha pakti hakigusi. Anataka kinachotembea, hasa konokono, maana meno ya bunju hayaachi kukua na magamba husaidia kuyasaga. Lakini usiende kuokota konokono ufukweni. Baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi yako ukiwa umetia mkono majini. Mimi nilianza na mayai, yale matone ya utelezi yanayogandamana chini ya majani, nikayaangulia kwenye beseni. Konokono huzaliwa bila kichocho, na beseni lisiloingiwa na kinyesi wala mkojo wa mtu haliwapi njia ya kukipata. Viluwiluwi vya mbu navyo anavipenda mno. Mbu wakishataga, ndoo ninayovikuzia naifunika kwa chandarua na kuvuna kila baada ya siku mbili, ili nisiwaletee majirani malaria.

Muweke peke yake. Mapezi ya wenzake huyanyofoa.

Kaa naye anapowinda. Anaelea palepale, mapezi ya kifuani yakipiga upesi hata huyaoni vizuri, jicho moja likikutazama wewe na jingine likimfuata konokono. Anakunja mkia pembeni, anasogea kidogo, anasubiri. Konokono akitoa pembe zake, anadonoa mara moja, anarudi nyuma, anatazama tena. Ukikaribisha sikio kwenye kioo, usiku nyumba ikiwa imetulia, unasikia gamba likivunjika.