Porsche ya umeme kwa bei ya Prado: nani alikula hasara?

"Mjomba, shikamoo. Hii ni kweli au ni matapeli?"

Chini ya ujumbe mpwa wangu alikuwa amebandika tangazo la Porsche Taycan ya 2021 inayouzwa Uingereza. Alikuwa kwenye foleni ya feri, Likoni, na nadhani jua lilikuwa limemchosha. Kwa bahati nami asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga magoti kando ya Taycan nyingine, nyeupe, nikipima tairi. Nikamjibu marahaba, bei ni ya kweli. Papo hapo akarudi na swali ambalo naulizwa kila wiki: "Kwa hivyo betri imekufa?"

Betri haijafa. Ndiyo maana naandika.

Kazi yangu ni kukadiria bei ya magari yaliyotumika katika yadi moja ya mnada, katikati ya Uingereza. Gari hushushwa kwenye lori, nalizunguka, nalikagua, nalipangia daraja, kisha naandika tunatarajia lifike ngapi. Ile nyeupe ilikuwa Taycan 4S iliyosajiliwa mara ya kwanza Aprili 2021, imetembea maili 31,000, haina kasoro ila rimu moja iliyokwaruzwa ukingoni mwa barabara na bampa lililoguswa. Taycan 4S ilipoingia sokoni hapa bei yake ilianzia pauni 83,000 na ushei. Hii ilikuwa imepambwa kwa paa la kioo, spika za bei mbaya na rimu kubwa, hata ikafika pauni 95,000. Dalali aligonga meza kwenye pauni 36,400.

Piga hesabu. Pauni 58,600 zimeyeyuka katika miaka minne, yaani pauni 40 kila siku ya Mungu, hata siku ambazo gari lilikuwa limelala gereji. Kwa hela za Kenya bei iliyobaki ni kama ya Prado iliyotumika. Mtu yeyote akiona hivyo lazima ashuku kwamba kuna kitu kimefichwa ndani.

Kilichofichwa kipo, ila hakimo ndani ya gari. Kimo kwenye sheria ya kodi.

Uingereza mwajiri akikupa gari la kazi ambalo unaruhusiwa kulitumia na nyumbani, serikali inalihesabu kuwa sehemu ya mshahara wako. Huchukua bei ya orodha ya gari likiwa jipya, ikapiga asilimia fulani ya bei hiyo, na kiasi kinachopatikana ndicho unachokatwa kodi ya mapato. Gari la petroli linalotoa moshi mwingi huhesabiwa asilimia 37. La umeme lilihesabiwa asilimia 0 mwaka wa kodi wa 2020/21, asilimia 1 mwaka uliofuata, halafu asilimia 2 kwa miaka mitatu mfululizo.

Weka Taycan yetu ya pauni 95,000 kwenye mizani hiyo, mwenyewe awe meneja anayekatwa kodi ya asilimia 40. Mwaka wa kwanza alilipa pauni 380. Miaka mitatu iliyofuata, pauni 760 kila mwaka. Jumla kwa miaka minne ni pauni 2,660. Angechukua gari la petroli la bei hiyo hiyo lililo kwenye asilimia 37, angelipa pauni 14,060 kwa mwaka, jumla 56,240. Tofauti ni pauni 53,580.

Sasa iweke tofauti hiyo kando ya zile pauni 58,600 zilizoyeyuka. Sidai kwamba ni pesa ile ile. Meneja mwenye akili timamu asingechukua gari la petroli la kodi hiyo, angeshuka akachukua dogo. Ninachosema ni kwamba mtu wa kwanza hakuwa ananunua gari peke yake. Alikuwa ananunua gari pamoja na msamaha wa kodi, na katika ile bei ya 95,000 msamaha ulikuwa umekaa kiti cha mbele.

Kampuni nayo ilikuwa na fungu lake. Kampuni ikinunua gari la umeme iliruhusiwa kuondoa gharama yote kwenye faida yake ya mwaka wa kwanza. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 19 iliyokuwapo wakati ule, gari la pauni 95,000 liliipunguzia kodi ya pauni 18,050 mara moja. Kweli, siku ya kuliuza sehemu ya pesa hizo hurudi serikalini, lakini mkononi ilikuwa imeshashikwa. Na sheria inataka gari liwe jipya, halijatumika. Hayo maneno mawili ndiyo jibu la nusu ya maswali ninayoulizwa. Mara tu gari linapoondoka kwa mmiliki wa kwanza, fungu hilo halipo tena. Mnunuzi wa pili ni daktari wa meno au fundi bomba anayetoa pesa ambayo imeshakatwa kodi, na yeye haoni sababu ya kulipia msamaha ambao hataupata.

Kwa hiyo mwajiriwa alipona. Hasara ikamwangukia nani? Mara nyingi ni kampuni ya fedha iliyomiliki gari kwa jina. Katika mkataba wa kukodisha wa miaka mitatu au minne, kampuni hukisia siku ya kwanza kwamba gari litakuwa na thamani gani siku ya mwisho. Anayekodi hulipa pengo lililo kati ya bei mpya na kisio hilo, pamoja na riba. Visio vya 2021 viliandikwa wakati mbaya kabisa. Chipu za kompyuta zilikuwa adimu, viwanda havitoi magari ya kutosha, magari yaliyotumika yakawa yanapanda bei kama nyumba. Aliyekisia Taycan itabaki na pauni 50,000 alionekana mtu wa tahadhari. Amekuja kuiuza 36,400.

Marekani waliliona kwa ukubwa zaidi. Oktoba 2021 Hertz, kampuni ya kukodisha magari, walitangaza kwamba wangenunua Tesla 100,000. Januari 2024 wakatangaza wanauza magari ya umeme yapatayo 20,000, wakaandika hasara ya uchakavu ya dola milioni 245 kwa robo moja ya mwaka, na mwisho wa Machi mkurugenzi wao mkuu, Stephen Scherr, akaondoka. Katikati hapo Tesla yenyewe ilikuwa imepunguza bei za magari mapya mara kwa mara. Model S Plaid iliyouzwa dola 135,990 mwaka 2022 ilikuwa dola 89,990 kufikia Septemba 2023. Aliyenunua wa kwanza alipoteza dola 46,000 bila kuwasha gari, kwa sababu hakuna atakayelipa la mtumba zaidi ya lile lililo dukani na harufu yake ya upya.

Porsche hawakupunguza bei hivyo. Walifanya jambo ambalo kwa bei ya gari la zamani lina ubaya ule ule: walitengeneza jipya lililo bora mno. Taycan ya 2024 ilikuja na betri kubwa ya kWh (kipimo cha umeme inaobeba) 105 badala ya 93.4, kasi ya kuchaji ikapanda kutoka kilowati 270 hadi 320, na kwa kipimo cha Ulaya toleo linaloenda mbali zaidi likafika kilomita 678. Gari la petroli la miaka mitatu iliyopita halitofautiani sana na la leo. Haya ya umeme yanazeeka kama simu. La 2021 bado linakimbia vile vile, ila jirani ana lingine linalokwenda mbali zaidi na kuchaji upesi zaidi.

Tena tusiyaonee haya magari. Sedani kubwa za kifahari zimekuwa zikianguka bei tangu enzi za baba zetu, zinywe petroli zisinywe. Hesabu za 2025 za iSeeCars, tovuti ya magari, zinazoangalia soko la Marekani kwa miaka mitano, zinaonyesha wastani wa magari yote ukishuka asilimia 45.6 na ya umeme asilimia 58.8. Jaguar I-Pace, lililokuwa Gari Bora la Dunia la 2019, lilishuka asilimia 72.2. Lakini linalolifuata kwenye orodha ni BMW 7 Series, asilimia 67.1, ambalo watu hulijua kwa petroli yake. Porsche 911 lilishuka asilimia 19.5 tu. Kwa hiyo nembo pekee haiokoi, wala umeme pekee hauui.

Turudi kwenye ile nyeupe, maana mpwa wangu bado anasubiri habari ya betri.

Betri ya Taycan kubwa imeundwa kwa moduli 33, kila moja ina seli 12, jumla 396. Moduli moja ikiharibika fundi aliyefunzwa anaweza kuibadilisha hiyo peke yake; si lazima kutupa betri nzima, kama watu wa vijiweni wanavyosema. Dhamana yake ni miaka minane au kilomita 160,000, kwamba haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Gari la Aprili 2021 lina dhamana hadi 2029. Nikichomeka kifaa cha kupima afya ya betri sitafuti asilimia ya jumla peke yake. Natafuta tofauti kati ya seli na seli. Seli zote zikiwa zimechoka kidogo kwa pamoja, hiyo ni uzee wa kawaida. Moja ikibaki nyuma ya wenzake, hapo nasimamisha kalamu.

Halafu naliinua gari na kuangalia chini. Betri imelala sakafuni, na mkwaruzo wa jiwe kwenye sahani yake ya chini ni wa kuogopwa kuliko maili 50,000 za ziada. Bima wakiona sahani imebonyea mara nyingi hawajadili. Wanaliandika gari kuwa halitengenezeki.

Kisha naangalia kama gari lilirudishwa kwa mtengenezaji lilipoitwa. Mwaka 2024 Porsche waliita Taycan zote duniani, zipatazo 150,000, kwa sababu mipira ya breki za mbele ingeweza kupasuka na kuvuja mafuta ya breki. Zipo pia zilizoitwa kwa hofu ya shoti ndani ya betri, na wenyewe wakaambiwa wasichaji kupita asilimia 80 mpaka zishughulikiwe. Ukikuta tangazo lenye bei nzuri kupita kiasi, anza kuuliza hapo.

Ile nyeupe betri yake ilikuwa safi, na miito yote ilikuwa imefanyiwa kazi. Kilichoipunguzia bei mbele ya wafanyabiashara siku ile kilikuwa tairi za nyuma, milimita 3, karibu na kufa. Gari lina zaidi ya tani mbili na nguvu za ajabu, linazila kama muwa. Tairi ya saizi ile hapa ni zaidi ya pauni 250 moja. Na hapa ndipo ninapowaonya watu: gari limeshuka hadi pauni 36,400, lakini spea zake bado ni za gari la pauni 95,000. Springi ya hewa haijui kwamba gari limeshuka bei. Hita ya ndani, ambayo kwenye Taycan za mwanzo ina sifa ya kuharibika, nayo haijui. Zile nyongeza za pauni 12,000, paa na spika, mnadani hazikuleta chochote cha maana; mfanyabiashara mmoja alilitazama paa la kioo akauliza likipasuka ni ngapi.

Mpwa wangu alikuwa ameshafika mbali kimawazo. "Usukani uko kulia, mjomba. Miaka haijazidi minane. Si linaingia Kenya?"

Linaingia. Tatizo ni kwamba KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hawatozi ushuru kwa bei ya mnada wetu. Wao huanza na bei ya rejareja ya gari jipya la aina hiyo, wakapunguza kwa kiwango kilichopangwa kulingana na umri. Kiwango hicho hakijui habari ya meneja na asilimia zake mbili. Soko la Uingereza likisema gari limebaki na asilimia 38 ya thamani, kikokotoo cha forodha kinaweza kusema limebaki na zaidi sana, na juu ya hiyo zaidi ndiyo utatozwa. Meli nazo, si zote zinazokubali kubeba gari la umeme lililotumika. Ukimaliza hayo, tafuta Mombasa fundi aliyefunzwa kufungua betri ya volti 800 akaifunga tena akiwa hai. Nilimwandikia hivyo hivyo, na ya hai.

Akakaa kimya kidogo. Nadhani feri ilikuwa imefika. Kisha: "Na Nissan Leaf, mjomba?"

Hiyo ni habari nyingine, na plagi yake nyingine.

Taycan nyeupe ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Bradford. Wiki mbili baadaye nikaiona mtandaoni, imesuguliwa inang'aa, rimu imepakwa rangi, pauni 41,995. Nilikuza picha kuangalia tairi za nyuma. Ni zile zile.