Kwa nini mgonjwa wenu amewekwa chumba cha peke yake

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha kuzuia maambukizi yamebadilika. Zamani watu walilalamikia foleni na uhaba wa vitanda. Miezi ya karibuni wanauliza jambo jengine: kwa nini mama yetu katolewa wodini kwa wenzake akatiwa chumba cha pembeni? Kwa nini wauguzi wakiingia kwake wanavaa maepuroni? Kwa nini tumetoka Makunduchi, kusini ya Unguja, watu tisa, tukaambiwa waingie wawili tu? Familia moja imeandika kwamba mtaani wameshaanza kusema bibi ana maradhi ya aibu.

Tarehe 18 hadi 24 Novemba kila mwaka ni wiki ya dunia ya kuelimishana juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa hivyo nimeona niwajibu nyote kwa pamoja, maana sababu ya chumba kile ni usugu huo: bakteria ambao dawa za kawaida haziwaui tena. Sitamtaja mgonjwa, wodi wala spitali. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Mkojo wa bibi mmoja uliletwa maabara asubuhi. Ukapakwa kwenye sahani ya kuoteshea na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 35 usiku kucha. Siku ya pili bakteria walioota walichukuliwa, wakapakwa kwenye sahani nyengine, na juu yake vikapangwa vidoto saba vya karatasi, kila kimoja kimetiwa dawa yake. Dawa ikiwa bado inafanya kazi, kesho yake unakuta duara safi kuzunguka kidoto, nasi hulipima kwa rula, milimita kwa milimita. Kwenye sahani ya bibi, vidoto sita vilikuwa vimezingirwa mpaka ukingoni, kama mwani ulivyokumbatia kigingi. Kimoja tu kilikuwa na duara, nacho ni cha sindano ambayo tunaiweka akiba kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyengine zote.

Bakteria yule anaitwa Klebsiella pneumoniae. Kwa kawaida anaishi tumboni bila ya kumdhuru mtu. Huyu alikuwa sugu.

Binti yake alinieleza kila kitu bila ya kuficha, na nilimshukuru kwa hilo. Tangu Ramadhani alikuwa akinusa harufu kali kwenye mkojo wa mama yake, basi akenda duka la dawa akanunua vidonge vya sipro, ambayo ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Bibi akinywa siku mbili, tatu, harufu ikipungua wanaacha, na vinavyobaki vinawekwa kwenye kopo la biskuti kabatini. Wamefanya hivyo mara tatu. Kisha bibi akapata kiharusi, akalazwa, akawekewa mpira wa mkojo. Siku ya kumi na mbili homa ikampanda.

"Dokta, kwani si nilikuwa namtibu?" aliniuliza.

Mama, ulikuwa unamhudumia kwa mapenzi, na hilo hakuna anayelipinga. Lakini kila zile siku mbili, tatu ziliua bakteria wanyonge na kuwaacha wagumu waenee kwa nafasi. Na wagumu hawa hawakai na ugumu wao peke yao: huwapa wenzao, hata wa aina nyengine kabisa, vijisehemu vya urithi vinavyobeba usugu, mfano wa mtu anayemchongea jirani nakala ya ufunguo.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928, na mwaka 1945, alipopokea tuzo ya Nobel, alionya kwamba mtu atajinunulia dawa dukani, atakunywa dozi pungufu, na atawafundisha vimelea kuizoea. Methisilini ililetwa mahsusi kwa bakteria walioishinda penisilini, na mwaka 1961 Uingereza tayari walishampata aliyeishinda hiyo nayo. Watafiti walikisia kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na mzigo mkubwa zaidi uko Afrika, kusini ya Sahara. Hapo ndipo tulipo sisi.

Sasa turudi kwenye chumba cha peke yake.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 katika kila 100 wanaolazwa hupata angalau ambukizo moja humo humo spitali, na kwamba usafi wa mikono pamoja na taratibu nyengine za kinga unaweza kuzuia hadi asilimia 70 ya maambukizo hayo. Bakteria wa bibi hawaruki hewani kama wa kifua kikuu. Wanapanda mikono. Wanakaa kwenye reli ya kitanda, kwenye swichi ya taa, kwenye mpini wa chupa ya chai mliyomletea, kwenye mfuko wa mkojo. Kuna jamii moja ya bakteria, Acinetobacter, inaweza kuishi wiki kadhaa juu ya kitu kikavu. Mgonjwa wa kitanda cha pili ana kidonda cha sukari, wa tatu katoka kupasuliwa jana. Bibi akihamishwa, ni hao wanaokingwa. Naye mwenyewe anapumzika.

Najua kumkagua mgonjwa ni haki ya Muislamu kwa mwenziwe, na hakuna katika sisi anayetaka kuizuia. Tunachoomba ni utaratibu. Waingie wawili wawili, kwa zamu. Msikae kitandani, kiti kipo, kisipokuwepo ombeni. Mtoto mchanga abaki nyumbani. Mkiingia na mkitoka, mikono. Maji ya mfereji na sabuni, sekunde 40 hadi 60, au dawa ya spiriti ya kupaka, sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe. Hapa pana jambo naliona kila siku na linaniuma: mtu ananawa vizuri kabisa, vidole, kucha, viganja, halafu anajifutia ncha ya kanga aliyojifunga tangu alfajiri, aliyopandia daladala na kukalia benchi la nje. Kanawa bure. Acheni mikono ikauke kwa hewa, au tumieni karatasi.

Haya hayawahusu wageni tu. Muuguzi na daktari wana nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi maalumu kama vile kumtia mpira, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Glavu haiondoi hata moja katika hizo tano. Mtumishi anayemwaga mifuko ya mkojo ya wagonjwa watatu kwa glavu moja amejikinga yeye, na kuwaambukiza watatu. Anayeonekana akifanya hivyo aripotiwe kwa msimamizi wa wodi. Msimamizi ataandika taarifa ya tukio, mtumishi atatakiwa kujieleza kwa maandishi, ataelekezwa upya, na akirudia suala lake linapelekwa kwenye nidhamu. Mlalamikaji hana haja ya kujua sheria. Inatosha kusema siku, saa na kitanda.

Mpira wa mkojo unataka maneno yake. Mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu wakati wote, lakini usiguse sakafu. Jamaa wengi, kwa heshima ya mzee wao, huuona mfuko unaning'inia, wakauinua na kuulaza kitandani ubavuni mwake, wakaufunika shuka. Kwa kufanya hivyo mkojo uliokwishatoka unarudi ndani pamoja na kila kilichoota humo. Utundikeni mfuko pale pale kwenye reli. Tena kila asubuhi daktari akipita, muulizeni: mpira huu bado unahitajika? Ni swali halali kabisa. Kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia unazidi, na ukipita mwezi, takriban kila mwenye mpira ana bakteria kwenye mkojo wake.

Hapo ndipo linapokuja kosa ambalo, nasema kwa uwazi, limenichosha kulisikia. Kuwa na bakteria kwenye mkojo si sawa na kuumwa. Wanawake wazee wanaoishi katika nyumba za kulelea, robo hadi nusu yao wana bakteria kwenye mkojo bila ya ugonjwa wowote, na hawatakiwi kupewa antibiotiki. Harufu ya mkojo si ugonjwa. Rangi nzito si ugonjwa. Mara nyingi ni maji hayajanywewa. Mzee akibadilika ghafla, akachanganyikiwa, akakataa kula, mpelekeni apimwe: sukari, maji mwilini, choo, kifua, dawa nyengine anazotumia. Msianze na kapsuli. Walezi katika nyumba za wazee, kama zile za Serikali za Sebleni na Welezo hapa Unguja na Limbani kule Pemba, na nyinyi mnaowalea majumbani, ambao ndio wengi zaidi, nyote mna jicho ambalo daktari hana: mnamjua mzee alivyokuwa jana. Tuambieni mlichokiona. Jina la dawa tuachieni sisi.

Kuna pia wanaodhani sindano ni cheo. Mgonjwa akiandikiwa amoksilini ya vidonge wanasema kadharauliwa, wanataka sindano ya seftriaksoni. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki makundi matatu: za kuanzia, za kutumika kwa tahadhari, na za akiba. Amoksilini ni ya kuanzia. Seftriaksoni ni ya tahadhari. Kolistini ni ya akiba. Septemba 2024 mataifa yalikubaliana Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030, asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binaadamu ziwe za kundi la kuanzia. Aliyeandikiwa ya kuanzia kaandikiwa kwa elimu.

Kuhusu kipimo cha kuotesha, naomba utaratibu huu ufuatwe. Sampuli inachukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Kama mgonjwa ameshakunywa dawa nyumbani, semeni, hata kama ni kidonge kimoja cha jirani. Hakuna atakayewagombeza, na mkificha sahani inaweza kutoka tupu na sisi tukapotea njia. Kwa mkojo, ajisafishe kwanza, aanze kukojoa chooni, kisha akinge wa katikati kwenye chupa tuliyotoa sisi. Chupa ya juisi iliyooshwa haifai. Mwenye mpira hachukuliwi kutoka kwenye mfuko. Muuguzi anafuta sehemu maalumu ya mpira kwa spiriti na kuvuta kwa bomba la sindano. Chupa iandikwe jina kamili, umri, wodi, tarehe na saa. Ifike maabara ndani ya masaa mawili. Ikishindikana, iwekwe kwenye friji, isigandishwe, na isizidi masaa 24. Majibu kamili huchukua siku mbili hadi tatu. Mgonjwa aliye taabani hasubirishwi muda huo: anachukuliwa damu, anaanzishiwa dawa hapo hapo, na dawa hubadilishwa majibu yakitoka. Kwa hivyo si kweli kwamba wodini watu wanaachwa na homa zao kwa sababu ya maabara.

Nao wenye maduka ya dawa. Naandika kwa kuwaheshimu, maana wengi wanafanya kazi kwa uaminifu na wako karibu na watu kuliko sisi. Antibiotiki ni dawa ya cheti. Cheti kiwe na jina la mgonjwa, umri, tarehe, jina la dawa, nguvu yake, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na saini ya aliyeandika. Kipande cha karatasi kilichoandikwa "moksi" hakitoshi, na kumkatia mteja vidonge vinne kwa sababu ana pesa ya vidonge vinne si msaada kwake. Usimamizi wa maduka uko kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi Namba 2 ya mwaka 2006. Mkaguzi akikuta kasoro anaweza kuizuia dawa, duka likafungwa, kibali kikasitishwa, na mhusika akafikishwa mahakamani. Mwananchi mwenye malalamiko ahifadhi risiti na pakiti, aandike jina la duka na siku aliyonunua. Lalamiko lisilo na hivyo ni vigumu kulifuatilia.

Yule bibi alipewa ile sindano moja iliyobaki, mpira ukatolewa siku ya tatu, homa ikashuka. Alipoambiwa anarudi nyumbani, binti akaniuliza kwa sauti ya chini kama wamtengee sahani na kikombe, na kama wajukuu wasimsogelee.

Hapana. Ale nao, alale chumba chake kama zamani, wajukuu wampakate na wambusu mkono. Nguo zake zifuliwe kwa sabuni kama za wengine na zianikwe juani. Anayemsaidia chooni au kumbadilisha nepi anawe mikono baadaye, kwa sabuni. Vidonge vilivyobaki kwenye kopo la biskuti vipelekwe kwa mfamasia vikaharibiwe. Bakteria yule anaweza kubaki tumboni mwake miezi mingi bila ya kumsumbua, na hatumpi dawa ya kumfukuza. Ila akirudi spitali kwa jambo lolote, iwe jino, iwe jicho, mwambieni anayempokea kabla hajapangiwa kitanda, na mumuoneshe karatasi ya majibu. Tumempa binti nakala mbili, moja akae nayo yeye na moja iwekwe pamoja na kadi ya bibi.