Je, wajua? Emo ilitokaje kwenye makelele ya punki hadi kiitikio kinachoimbwa na ukumbi mzima

Emo, mtindo wa muziki wa roki unaoimba hisia za ndani, ilizaliwa kutoka punki, roki ya kasi na makelele, huko Washington, D.C., katikati ya miaka ya 1980. Bendi ya Rites of Spring, iliyotoa albamu yake mwaka 1985 kupitia lebo (kampuni ya kurekodi) ya Dischord, ilipiga punki ya kasi kama wenzake, ila mwimbaji Guy Picciotto aliimba majuto na maumivu yake mwenyewe hadi sauti ikamkauka. Maneno yalibadilika kabla ya muziki.

Muziki ulifuata miaka ya 1990. Bendi ya Sunny Day Real Estate wa Seattle, katika albamu yao ya mwaka 1994, walishusha ubeti hadi kunong'ona, kisha wakakiachia kiitikio kwa nguvu zote. Pop ilipenyea hapo. Ukitaka kuijaribu mbinu hiyo, kwenye ubeti laza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, karibu kabisa na daraja la gitaa, yaani kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wake. Kiganja kikisogea mbele mno, noti inakufa. Kikirudi nyuma ya daraja, nyuzi zinalia kama kawaida. Kiitikio kikifika, inua mkono. Wengi huharibu kwa kuanza na sauti ya juu: kiitikio kinakosa pa kupandia, na wimbo mzima unasikika bapa.

Bendi ya Jimmy Eat World wa Mesa, Arizona, ndio waliokamilisha kazi ya kuichanganya emo na pop, kwa maoni yetu. Lebo kubwa iliachana nao baada ya albamu ya 1999, wakagharimia wenyewe kurekodi iliyofuata. Wimbo wao “The Middle”, usiofika hata dakika 3, ulipanda hadi nafasi ya 5 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, mwaka 2002. Baadaye bendi za Fall Out Boy, My Chemical Romance na Paramore waliifikisha sauti hiyo kwenye viwanja vikubwa.

Unene wa gitaa katika rekodi za namna hii hutokana na kupiga sehemu ileile mara 2, moja ikawekwa spika ya kushoto, nyingine ya kulia. Usinakili rekodi moja upande wa pili. Nakala hazina zile tofauti ndogo za mkono, kwa hiyo masikio huzisikia kama gitaa moja lililo katikati, lenye sauti kubwa zaidi tu. Waimbaji nao hurudia kiitikio juu ya sauti yao wenyewe.

Chris Carrabba, mwimbaji wa bendi ya emo ya Dashboard Confessional, hakuhitaji hata hilo. Katika onyesho lake la mwaka 2002 kwenye MTV Unplugged, kipindi cha televisheni cha muziki wa ala zisizo za umeme, hadhira iliimba naye nyimbo neno kwa neno, ikawa ndiyo safu ya pili ya sauti.