Kipaumbele cha njia kwenye ruta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Ukishusha gharama ya OSPF, ruta itaiacha njia ya RIP au ile uliyoiandika kwa mkono.

Ruta ni kifaa kinachoelekeza trafiki kati ya mitandao; OSPF na RIP ni itifaki, yaani kanuni ambazo ruta hutumia kuambizana njia. Gharama hupimwa ndani ya itifaki moja tu. OSPF hujumlisha gharama za laini. RIP huhesabu ruta zilizoko njiani, mwisho 15. Vipimo hivyo havilinganishiki, kwa hiyo kila itifaki hupewa namba ya kipaumbele, na namba hiyo ndiyo huamua zinapogombea mtandao uleule. Kwenye ruta za kampuni ya Cisco, njia ya mkono ina 1, OSPF 110, RIP 120. Kwenye zile za Huawei, OSPF ina 10, njia ya mkono 60, RIP 100. Yaani njia ya mkono inayoishinda OSPF kwenye Cisco hushindwa kwenye Huawei, na fundi aliyezoea Cisco anaweza kushinda kutwa akitafuta kosa ambalo halipo. Soma namba za kifaa ulicho nacho, usitegemee za darasani.

Dhana: Namba kubwa ndiyo yenye nguvu.

Hapa ndogo hushinda. Kwenye Cisco, njia yenye 255 haitumiki kabisa. Kinachowachanganya wengi ni BGP, itifaki inayounganisha mitandao mikubwa ya intaneti: ndani yake kuna kipaumbele kingine cha kuchagua njia za kutokea, usipokigusa huwa 100, na hicho kweli kikubwa hushinda. Mambo mawili tofauti, majina yanakaribiana mno.

Dhana: Njia yenye kipaumbele bora hutumika daima.

La. Kabla ya yote, ruta huifuata njia inayoitaja anwani kwa ukaribu zaidi. Kipaumbele hulinganishwa pale tu mitandao inapokuwa na urefu uleule, yaani namba ileile baada ya mkwaju, kama /24; namba hiyo ikiwa kubwa, mtandao ni mdogo na umetajwa kwa ukaribu zaidi. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilitaka kuifunga YouTube nchini mwake. Ikatangaza 208.65.153.0/24, ilhali YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22. Tangazo likavuja nje kupitia kampuni ya PCCW, na ruta za nchi nyingi zikapeleka trafiki ya YouTube Pakistan. Hakuna kipaumbele kilichoweza kuiokoa ile /22. YouTube ilijibu kwa kutangaza /24 yake, kisha vipande vidogo zaidi vya /25, hadi PCCW ilipoyaondoa matangazo yale.

Dhana: Ukibadilisha namba ya kipaumbele cha itifaki kwenye ruta moja, jirani zake watafuata.

Namba hii haitangazwi kwa yeyote. Inaishia ndani ya ruta uliyoigusa. Hatari yake huonekana zaidi mtandao unapoendesha itifaki mbili kwa pamoja. Ruta A ikiamini RIP na kumpelekea B, na B akiamini OSPF inayomrudisha kwa A, pakiti zitazunguka baina yao mpaka uhai wake, yaani idadi ya hatua zilizoruhusiwa, uishe. Ukilazimika kubadilisha, pitia ruta zote zinazobeba trafiki hiyo, kisha angalia jedwali la njia kwenye kila moja. Pingi, jaribio la kuona kama kifaa cha mbali kinafikika, ikijibu kutoka ruta uliyokaa nayo, hiyo inakuambia habari za ruta hiyo tu.